Mahandaki ya Ukingo wa Kagera



Aliyesafiri kutoka Karagwe kwenda Bukoba kwa njia ya Kyaka anayafahamu magofu ya kanisa la Wakatoliki yaliyo juu ya kilima. Kanisa hilo lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na kuta zake zimeachwa kuwa kumbukumbu. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba ukingo huo wa kusini wa mto Kagera ulikwisha kulindwa kwa silaha zaidi ya miaka 60 kabla ya hapo.

Mwaka 1914 mpaka wa Waingereza na Wajerumani ulikuwa mstari ulionyooka, uliochorwa kaskazini mwa mto. Mstari wa karatasi haulindiki; mto hulindika. Kwa hiyo Wajerumani na askari wao waliutegemea mto, na nchi iliyo kati ya mto na mpaka ikawa ya kugombewa. Tarehe 22 Juni 1915 Waingereza walishuka Bukoba kwa meli, wakabomoa mtambo wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Wajerumani waliihama Bukoba. Wamisionari wa Betheli, waliofika huko mwaka 1910, waliondolewa kwa sababu ya vita hivyo, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji. Jambo hili yafaa lisipitwe upesi katika historia ya miaka mia moja.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 nchi ile ile ya kaskazini mwa mto ilitekwa tena, safari hii na majeshi ya Amin. Daraja la Kyaka lililipuliwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliompinga Amin tarehe 11 Aprili 1979, mwaka ule ule Dayosisi ya Karagwe ilipoanzishwa.

Hivyo, anayepanda kilima chenye msitu katika ukingo huo na kukuta handaki lililojaa majani asiharakishe kulitaja ni la vita gani. Tuta la udongo huwekwa upande wa adui, na katika vita vyote viwili adui wa aliyekuwa kusini alitokea kaskazini. Kinachotofautisha ni masalio. Askari wengi wa Wajerumani mwaka 1914 walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zenye risasi nene za milimita 11 na moshi mzito uliomfichua mpigaji. Askari wa 1978 walitumia risasi za milimita 7.62.

Hata hivyo ushahidi huo si wa kuchimbuliwa na vijana kwa majembe. Bomu lililozikwa halijui kwamba vita vimekwisha. Apataye chuma asichokielewa akiache mahali pake, aweke alama kwa mbali, na kutoa taarifa polisi, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu anatoa bei nzuri.

Yapo masalio yanayokusanywa bila jembe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja lilipolipuliwa sasa amepita 65, na anaweza kuulizwa. Wapagazi wa vita vya kwanza wamekwisha kutangulia. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina katika kitabu chochote, isipokuwa pale ambapo mjukuu bado analitaja.