Miezi Mitatu Kiwandani: Mwanafunzi wa Kianjokoma na Mafunzo ya Kazini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi, walimu na vijana, Kianjokoma)

 Hizi ni habari za mafunzo ya kazini, yale ambayo vijana wenyewe huyaita atachimenti. Habari zenyewe zinamhusu msichana mmoja wa hapa hapa Kianjokoma. Jina lake litabaki nyumbani kwao. Anasomea diploma ya teknolojia ya vyakula, na chuo chake, kama vyuo vingi nchini, hakimpi mwanafunzi cheti mpaka afanye kazi katika kampuni kwa miezi mitatu, chini ya msimamizi, na arudi na daftari lililotiwa sahihi.

Kwanza neno moja liwekwe sawa, maana linawachanganya wazazi wengi. Mafunzo ya kazini ni ya mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, nayo ni sehemu ya masomo. Uanagenzi ni wa aliyekwisha kuhitimu. Ule mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma ulioanza mwaka 2019, unaowachukua waliohitimu kwa miezi 12 na kuwapa posho kila mwezi, ni uanagenzi. Kwa hivyo mzazi anayesikia redioni kwamba vijana wanapewa posho, kisha mtoto wake aliye mwaka wa pili akamwambia halipwi kitu, asidhani anadanganywa. Kampuni nyingi haziwalipi wanafunzi. Chache hutoa nauli, nyingine chakula cha mchana.

Msichana huyu alipeleka maombi kwa kampuni 11. Tisa hazikujibu. Mbili zilizojibu, moja iko Nairobi, nayo ilimwambia aje Mei, bila malipo, na malazi ajitafutie. Nyumbani kulikuwa na furaha jioni ile. Asubuhi mama yake alichukua karatasi akaanza kuandika: kodi ya chumba na amana yake, godoro, jiko, chakula, nauli. Fanyeni nauli peke yake. Ikiwa ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 12, hizo ni shilingi 12,000, na msichana hajala wala hajalala mahali.

Hapa ndipo penye uzito, na ni jambo ambalo mtu wa mjini haoni kwa urahisi. Vyuo vingi hupeleka wanafunzi kazini kati ya Mei na Agosti. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ile ambayo baridi hushuka kutoka mlimani, chai ikakua polepole, na kilo zinazofika kituoni zikapungua. Malipo ya kila mwezi hupungua nazo. Wadogo zake wanadaiwa karo ya muhula wa pili. Bonasi nayo iko mbali, huja karibu na Oktoba. Yaani mwanafunzi huhitaji pesa nyingi kuliko wakati wote hasa katika miezi ambayo nyumba ya mkulima wa chai ina pesa kidogo kuliko wakati wote. Baba yake alikuwa tayari kukopa kwa kutegemea bonasi. Mama alikataa katakata. Katika mtaa huu kila mtu anamjua mkulima ambaye Oktoba ikifika bonasi humpita mikononi tu ikielekea kwa aliyemkopesha. Hakuna haja ya kumtaja.

Jibu la pili lilitoka katika kiwanda kimoja cha chai kati ya vile vinavyosimamiwa na KTDA. Kampuni hiyo si ndogo. Ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali, ikawa kampuni ya kibinafsi mwaka 2000, na inahudumia wakulima wadogo zaidi ya 600,000 ambao ndio wenye viwanda. Kiwanda chenyewe angeweza kukifikia akilala kwao. Lakini msichana alilia. Wenzake walikuwa wanaenda Nairobi kwenye majengo ya vioo, yeye arudi kwenye chai ile ile aliyoichuma tangu darasa la nne? Mwenzake mmoja alimuuliza kama na huko kiwandani atabeba kikapu.

Alikwenda. Ni vizuri kusema wazi kwamba alikwenda kwa sababu ya pesa tu, si kwa kupenda.

Siku ya kwanza alipewa koti jeupe, kofia ya wavu na vizibo vya masikio, akaambiwa avue hereni na akate kucha. Kisha akaanza pale majani yanapoingia. Wengi mliopo hapa mmepeleka majani kituoni miaka 20 au 30, karani akapima, mkapewa risiti, lori likaondoka. Hadithi ya jani kwenu huishia kwenye lori. Kwake ndipo ilipoanza.

Majani mabichi zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Humwagwa kwenye vitanda virefu vyenye feni chini yake, yakanyaushwa saa 12 hadi 18 mpaka yalainike yasivunjike. Halafu huingia kwenye mashine zenye meno zinazoyakata, kuyachana na kuyaviringa kuwa chembe ndogo. Chembe hizo hupumzishwa zikipigwa na hewa, na macho yakiangalia, kijani hugeuka rangi ya shaba na harufu ya shamba hugeuka harufu ya chai. Watu wa kiwandani huita kuchachusha, ingawa mwalimu wake chuoni alikuwa amemwonya kwamba si kuchacha kama kwa uji au pombe. Ni hewa inayofanya kazi ndani ya jani. Dakika chache zikizidi, ladha hupotea. Ndiyo maana mtu wa zamu hapo haendi kupiga gumzo. Kisha kuna kikaushio chenye joto kali, ambako chai hutoka ikiwa na maji asilimia 3 hivi. Mwisho huchekechwa na kugawanywa madaraja: BP1, PF1, PD, vumbi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi huzaa kilo moja ya chai kavu.

Kazi aliyopewa msichana kwa wiki nyingi ilikuwa kupima maji yaliyobaki katika chai baada ya kukaushwa. Huchukua sampuli, huipima uzito, huikausha tena, huipima tena, huandika. Kila saa, zamu nzima. Si kazi ya kupigia picha. Lakini chai ikiwa na maji mengi huharibika ghalani, na ikikauka kupita kiasi huungua, kwa hivyo namba aliyoandika yeye ndiyo iliyomfanya mwenye kikaushio apunguze moto au auongeze. Wanafunzi wangapi katika majengo ya vioo wanaandika namba ambayo mtu anaitumia saa ile ile?

Kulikuwa pia na chumba cha kuonja. Vikombe vimepangwa mstari, na mwonjaji anapita na kijiko, anaivuta chai kwa kelele ambayo nyumbani ingekuletea kofi, kisha anaitema kwenye ndoo. Kutoka mdomo huo mmoja hujulikana kama jani lilinyaushwa vibaya, kama lilichachushwa mno, hata kama lilipata joto kabla ya kufika. Chai hiyo hupelekwa mnada wa Mombasa, ambao umekuwa huko tangu 1969, na ambako chai ya Kenya huuzwa pamoja na ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine kwa dola. Wanunuzi wa Pakistani, Misri na Uingereza hawajui Kianjokoma iko wapi. Wanajua ladha tu.

Neno lile la jani lililopata joto ndilo lililomrudisha msichana nyumbani na shida. Mwonjaji alimweleza kwamba majani yakishindiliwa kwenye gunia la plastiki huanza kujichemsha yenyewe, yakachachuka kabla ya wakati, na hakuna mashine inayoweza kuyarudisha. Huchanganyika na majani mazuri ya jirani na kushusha bei ya wote. Na kila mtu aliyepo hapa anajua gunia hilo liko wapi. Kwao lilikuwa nyuma ya mlango.

Alimwambia baba yake jioni, mbele ya wadogo zake, na huenda hapo ndipo alipokosea. Mzee aliweka kikombe chini. "Nilichuma chai kabla hujazaliwa," akasema, na mazungumzo yakaisha. Siku nne hawakuzungumza ila salamu. Nyumba nyingine ingefikia kumwambia msichana aache hayo mafunzo yanayomfundisha utovu wa adabu.

Aliyelitatua ni nyanya yake, ambaye hakutetea upande wowote. Alimwambia mwanawe atie mkono katikati ya gunia lililoshindiliwa tangu asubuhi. Mzee alitia, akautoa, akanyamaza. Wiki iliyofuata majani yalikwenda kituoni kwenye kikapu na wavu, na machipukizi yalichumwa majani mawili na chipukizi moja, bila yale makubwa magumu ya kuongezea kilo. Hakuna aliyesema "ulikuwa sahihi." Wazee wa huku hawasemi hivyo, na watoto wenye akili hawasubiri waambiwe.

Wakati huo huo, mwanafunzi mwenzake aliyepata nafasi katika kampuni moja ya Nairobi alikuwa akipiga fotokopi. Miezi mitatu alipiga fotokopi, alipokea wageni, akapika chai, ndiyo, chai, na kurudi chuoni na daftari ambalo kurasa zake zinafanana. Kwao waliuza ng'ombe kulipa kodi yake. Ni rahisi kumlaumu kijana kwamba hakujituma. Lakini msimamizi aliyepokea mwanafunzi na kumwacha mlangoni wiki 12 ana sehemu kubwa ya lawama, na chuo ambacho hakikutuma mwalimu kumtembelea kina sehemu yake. Mwalimu kutembelea ni wajibu. Mwanafunzi akiona wiki tatu zimepita na hafundishwi alichosomea, ampigie mlezi wa mafunzo chuoni wiki hiyo hiyo, si mwezi wa tatu wakati wa kuandika ripoti.

Daftari la msichana wa chai liliandikwa kila siku kabla ya kulala, hata siku ya zamu ya usiku. Si maneno ya kujisifu, ni namba, majina ya mashine, kilichoharibika na aliyekitengeneza. Msimamizi alilitia sahihi kila Ijumaa. Alipomaliza Agosti, meneja hakumwahidi kazi, na si haki kuwaambia vijana kwamba mafunzo ya kazini ni ahadi ya kazi. Alimwandikia barua, akataja mashine anazozijua moja moja. Barua kama hiyo hupatikana tu pale ambapo mwandishi wake ana kitu cha kutaja.

Sasa yale ya makaratasi. Ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayojulikana kwa herufi za NITA, iliyo chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237. Waajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo, na mamlaka hiyo husaidia wanafunzi kupata nafasi. Nafasi za NITA si siri na haziuzwi. Yeyote anayemwambia mzazi atoe kitu kidogo ili mtoto aingizwe kwenye orodha ni mwizi.

Jambo la bima lisipuuzwe. Kiwandani kuna mikanda inayozunguka, mvuke na sakafu yenye maji. Mwanafunzi aulize chuoni kama bima ya ajali imelipwa, na apate barua yake kabla ya siku ya kwanza. Kampuni makini humrudisha asiye nayo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haimwachi mwanafunzi nje: akiambiwa afungue mashine ambayo hajafundishwa, anaruhusiwa kusema hapana bila kuonekana mwoga.

Kuhusu pesa, nyumba za wakulima wa chai ziangalie kalenda. Bonasi ya Oktoba ndiyo itakayomlipia nauli mtoto atakayekwenda kazini Mei inayofuata, kwa hivyo sehemu yake itengwe Oktoba, kwenye chama au akiba ya mama, kabla haijagawanyika kwa mabati na sherehe. Na barua za maombi ya Mei huandikwa Januari. Ziambatane na barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na barua ya bima, na zipelekwe pia kwa viwanda, mahospitali na mabwawa ya umeme ya Mto Tana, si Nairobi peke yake. Anayeanza kuandika Aprili hukuta nafasi zimejaa.