Uniti 75 na Kompyuta ya Nyumbani



Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza katika nchi hii. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, baada ya mitambo ya Wizara kuvuruga hesabu na kula fedha za kigeni ambazo Taifa lilizihitaji kwa mambo mengine. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980, na leo wapo wanaoicheka. Hata hivyo, swali lililoizaa lilikuwa la haki: mashine ikishanunuliwa, itaendelea kugharimu kiasi gani, na ni nani atakayeitengeneza?

Swali hilo sasa limefika mlangoni pa mfanyakazi wa kawaida. Katika Mkoa wa Singida, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka na maji hayana budi kutunzwa, mwalimu wa Kiomboi au karani wa Manyoni anaweza kuwa na pampu inayopaswa kuzimwa tenki likijaa, taa za ulinzi zinazopaswa kuwaka jua linapotua, na banda la vifaranga ambalo joto lake halitakiwi kushuka usiku. Kazi zote hizo zinaweza kukabidhiwa kompyuta moja inayokesha. Suala ni kompyuta ipi.

Wengi hukimbilia kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Hapo ndipo penye mtego. Kompyuta kuukuu ya aina hiyo huweza kula wati 60 hata ikiwa haina kazi kubwa. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hutumia uniti 43 na ushei. Katika bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi. Bei hupangwa upya mara kwa mara, lakini funzo la hesabu hiyo halibadiliki: mashine iliyonunuliwa kwa bei ya chini ingemeza zaidi ya nusu ya uniti za nafuu kabla familia haijawasha taa hata moja, na umeme wa pasi na jokofu uliosukumwa nje ya uniti 75 ungelipiwa mara tatu na nusu.

Kwa upande mwingine zipo kompyuta za bodi moja, ndogo kama kiganja. Maarufu kati yake ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa shabaha ya kuwafundisha vijana kompyuta. Hutumia wati 5 hivi, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Lakini bei inayotangazwa ni ya bodi tupu. Chaja, kasha na kadi ya kumbukumbu hununuliwa mbali. Kadi hiyo ndiyo udhaifu wake mkubwa: umeme ukikatika ghafla wakati mashine inaandika, kumbukumbu yote yaweza kuharibika, na hakuna haja ya kumweleza mkazi wa Singida maana ya umeme kukatika.

Kwa nyumba yenye umeme wa gridi, chaguo la busara zaidi ni kompyuta mpakato iliyotumika, skrini yake ikiwa imezimwa. Hula wati 10 hadi 15, ina betri yake yenyewe ya kuivusha umeme unapokatika, na mafundi wa mjini wameizoea. Betri iliyovimba itolewe mara moja, kwa maana huweza kushika moto.

Jambo jingine ni utii wa mashine. Vifaa vingi vya dukani haviwezi kuwasha hata taa bila ya kuuliza kwanza mtambo wa kampuni iliyoko ng'ambo. Mwaka 2016 kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, ilizima huduma ya kifaa cha Revolv, nacho kikageuka kopo tupu mikononi mwa watu waliokinunua kwa dola 300 hivi. Programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kutolewa bure, hufanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti isipokuwepo. Huko ndiko kujitegemea kunakostahili jina hilo. (Na mwenye tenki moja tu asidanganywe na muuzaji yeyote: swichi ya boya humtosha, wala haihitaji kompyuta.)

Kwa mwalimu wa kijiji kisichofikiwa na gridi hesabu hugeuka. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata saa 5 za jua kali, hutoa wati-saa 500 kwa makadirio ya juu kabisa. Kompyuta ya mezani hudai 1,440 kwa siku, hivyo haifikiriwi. Mpakato wa wati 15 hudai 360 na kuiachia familia mabaki. Bodi ya wati 5 hudai 120; hapo zinabaki za taa, redio na kuchaji simu, mradi bodi yenyewe iunganishwe na betri ya paneli ili isizimike ghafla, na kadi ya akiba iwekwe kabatini.