Msitu wetu ni upi?

Mmeniomba niwaeleze siku yetu moja mjini Augsburg, Ujerumani. Asubuhi tulituma barua posta, tukanunua mkate na matunda sokoni, kisha tukatazama jumba la manispaa lililojengwa kati ya 1615 na 1620. Mchana tukaingia Fuggerei, na hapo ndipo palipo na somo.

Fuggerei ni mtaa wa nyumba za wasiojiweza, ulioanzishwa mwaka 1521 na tajiri Jakob Fugger. Hadi leo watu wapatao 150 wanaishi humo, Wakatoliki wa Augsburg wenye kipato kidogo. Kodi ni senti 88 za Euro kwa mwaka mzima, pamoja na sala tatu kila siku kwa ajili ya mwanzilishi. Kiingilio chetu wageni kilizidi kodi hiyo mara kadhaa! Kila nyumba ina mlango wake wa nje, hivyo mpangaji anaishi kwa heshima, si kama ombaomba.

Mabomu ya Februari 1944 yalibomoa sehemu kubwa ya mtaa, lakini ukajengwa upya. Umedumuje miaka zaidi ya 500? Mwanzilishi aliacha mfuko wa kuuendesha, na leo mapato yake mengi hutokana na misitu.

Jamani, ni miradi yetu mingapi hufa mfadhili akiondoka? Kabla ya kuandika ombi jingine la fedha, kila kikundi kijiulize: msitu wetu ni upi? Shamba? Mashine ya kusaga? Nyumba ya kupangisha?