Furaha ya Nyumbani Isiyo na Gharama
(Maneno ya mwalimu mmoja mstaafu, aliyoyasema mbele ya mkutano wa wazazi)



Nimeombwa niseme machache juu ya furaha ya nyumbani, nami nimekubali, ingawa ninyi mnaonijua mtacheka, maana kwa miaka mingi nyumba yangu haikuwa na furaha ya namna hiyo, na aliyeiondoa ni mimi mwenyewe.

Nilipokuwa bado nafundisha, kila jioni baada ya chakula nilivaa koti langu nikaenda zangu sokoni. Huko liko banda la kutazamia mpira katika televisheni. Kiingilio chake si kikubwa. Lakini humo hapana mtu akaaye bila ya kununua soda au sigara, na humo ndimo nilimofundishwa kubahatisha mpira kwa simu. Sikuona kwamba fedha yanitoka, kwa kuwa ilitoka kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa. Hata ulipofika mwezi wa Januari, tukatafuta fedha ya sare na madaftari ya mtoto wetu wa pili, haikuwako. Mtoto akakaa nyumbani majuma mawili, wenziwe wakipita njiani na mifuko yao. Mama watoto hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Bwana, huko uendako kuna kitu gani kisichoweza kuwako hapa?" Nikakosa jibu.

Jioni ile sikutoka. Nawaambia kweli, ilikuwa jioni ndefu sana. Watoto walinitazama kama mgeni, nami sikujua la kuwaambia. Ndipo nilipokumbuka bao la marehemu baba yangu, lililokuwa limewekwa juu ya dari, limejaa vumbi na vinyesi vya popo.

Basi naomba radhi nikikaa kidogo katika habari za bao, kwa kuwa vijana wengi wa siku hizi hulitazama likichezwa barazani wala hawajui linavyokwenda. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni zako na mbili za mwenzio. Kete zote ni 64. Watu wa pwani hutumia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zipatikanazo vichakani karibu na bahari. Lakini kokoto hufaa vile vile. Asiye na ubao na achimbe vishimo mchangani. Mimi nimepata kuona mchezo mzuri sana uliochezwa juu ya ardhi tupu chini ya mwembe, na washindani wake hawakutumia hata senti moja.

Mtoto asianze na bao la wakubwa, lile ambalo kila mtu huanza na kete 22 mkononi na kumi ubaoni, sita katika hizo zikiwa katika nyumba. Hilo ni zito, litamchosha. Naanze na bao la kujifunza: kila shimo hutiwa kete mbili, ndizo 64 kamili. Mchezaji huchukua kete za shimo lake moja lenye kete mbili au zaidi, akazigawa moja moja katika mashimo yake yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu yake ya mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la mwenziwe linalolielekea nalo lina kete, basi anazila zile za mwenziwe, na kuzigawa upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ikiangukia shimo tupu, amelala, ni zamu ya mwenziwe. Aliyemalizikiwa na kete katika safu yake ya mbele ameshindwa.

Yaonekana mchezo mdogo, sivyo? Lakini Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwachunguza mafundi wa bao wa Unguja akataka kujua jinsi akili zao zinavyoweza kuhesabu mbele kiasi kile bila ya kugusa kete, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Binti yangu, ambaye mwalimu wake alikuwa akilalamika juu ya hesabu zake, baada ya miezi michache alikuwa akinihesabia kete zangu kabla sijazishika. Sasa hunifunga mara mbili katika tatu, nami sipendi, ila nanyamaza.

Iko na michezo mingine, nitaitaja upesi. Drafti huchorwa juu ya kipande cha boksi, na vizibo vya soda ndizo kete zake, huyu kifudifudi na yule chali. Mdako wataka kishimo na vijiwe tu, na wasichana wataushinda mkono wa mzee yeyote hapa. Kombolela yataka kopo moja bovu na mbalamwezi.

Lakini lililo kubwa kwangu ni vitendawili na hadithi. Mama yangu mzazi alikaa nasi miaka saba ya mwisho wa uhai wake. Alikuwa akila chakula chake mapema, akaingia kulala, maana hakuwako mtu wa kuzungumza naye. Siku ya tatu ya kukaa kwangu nyumbani, mwanangu mdogo aliita kwa mchezo, "Kitendawili!" Sauti ikatoka chumbani gizani: "Tega!" Mtoto akasema, "Kuku wangu ametagia miibani." Bibi akacheka, akatoka na mkeka wake, akajibu, "Nanasi. Sasa tega cha watu wazima." Wakategana hata taa ikapungua mafuta, na mtoto alipokwama alimpa bibi yake mji, naye akauchukua kwa madaha, akautawala, akala vyakula vyote vya mji huo kwa maneno, ndipo akatoa jibu.

Tangu usiku ule ilikuwa "Paukwa" na "Pakawa" kila siku. Nilisikia hadithi ambazo nilizisikia nikiwa mtoto na nyingine nisizopata kuzisikia kamwe. Tulikuwa na miezi kumi na minne tu, kisha akafariki. Karibu miaka sita aliyokaa chumbani peke yake, mimi nikiwa katika banda la mpira, hiyo siwezi kuirudisha. Iko hadithi moja ya msichana na mto, ambayo sote twaijua mpaka mahali anapofika ng'ambo. Mwisho wake alisema atautoa kesho yake, nayo kesho hiyo hakuamka na nguvu ya kusema.

Kwa hiyo nimenunua daftari moja. Binti yangu ndiye mwandishi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni twakaa uani. Ubao uko pale, na mkeka uko pale. Mabibi wazee mlioko hapa, ikiwa yuko miongoni mwenu aijuaye hadithi ya msichana huyo na mto, tafadhali asiondoke mkutanoni kabla sijamwona.