MAKTABA MOJA, JINA MOJA
Hotuba kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi



Mada ya leo ni namna maktaba ya programu za kompyuta inavyoanzishwa na kupewa jina kwa ushirikiano wa watu wengi. Maktaba hii si jengo la vitabu. Ni hazina ya maagizo ya kompyuta yaliyokwisha andikwa, ambayo kila mwenye kuandika programu huruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha.

Mfano ulio bora ni NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mwaka 1995 Jim Hugunin, akisaidiwa na wenziwe, alitunga maktaba ya kwanza, Numeric. Baadaye wataalamu wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia darubini ya anga ya Hubble, waliokuwa na picha kubwa kubwa za kuchambua, wakatunga ya pili, Numarray. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa hesabu ndogo, na ya pili kwa hesabu kubwa.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Watumiaji waligawanyika, na aliyeandika programu ikambidi achague upande. Nguvu ya wachache waliojitolea ikawa inapotea katika kazi ile ile kufanywa mara mbili.

Mwaka 2005 Travis Oliphant, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, alijitwika jukumu la kuziunganisha. Hakuanza upya, alishika msingi wa Numeric, akautia mazuri ya Numarray.

Likabaki suala la jina. Kazi hiyo mwanzoni iliwekwa ndani ya maktaba kubwa zaidi, SciPy, na kuitwa kiini chake. Kwa hivyo aliyetaka hesabu za msingi tu alidhani hana budi kubeba mzigo wote. Ikatengwa, ikapewa jina la NumPy, fupi na lenye kutaja kazi yake: namba na Python. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006, na zile mbili za awali zikaachwa.

Matunda yake yalionekana. Picha ya kwanza ya shimo jeusi la angani, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili, 2019, ilitayarishwa kwa programu zilizotegemea maktaba hiyo.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, kabla ya kuanzisha jipya, iangaliwe kama lililopo laweza kutengenezwa. Pili, jina liseme kazi, lisimtishe mtumiaji. Tatu, ruhusa ya kutumia na kurekebisha iandikwe wazi tangu siku ya kwanza, ili mwanzilishi akiondoka kazi isiondoke naye.

Idara yenye programu zake, na vijana wenye ujuzi huo, wana la kuzingatia hapo. Kidole kimoja hakivunji chawa.