Panga, Jeraha na Nia: Nafasi ya Silaha Katika Makosa ya Shambulio



Je, aliyemkata mwenzake kwa panga na aliyempiga ngumi hushtakiwa kwa kosa moja? Yawezekana. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, shambulio la kawaida (kifungu cha 240) lina adhabu ya hadi mwaka 1 jela, shambulio la kudhuru mwili (241) miaka 5, na kusababisha madhara makubwa (225) miaka 7. Vifungu hivyo vinapima jeraha, si silaha. Ngumi iliyopofua jicho yaweza kumfikisha mtu kwenye 225, na panga lililochubua ngozi likaishia 241.

Silaha huingia kwa mlango wa nia. Kifungu cha 222 kinamhusu aliyekusudia kumlemaza au kumdhuru vibaya mwenzake, nacho kinataja mkuki, upanga na kisu waziwazi. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, na aliyerusha akakosa naye yumo. Nia yenyewe hakimu huipima kwa silaha iliyotumika, mahali ilipolengwa na maneno yaliyotamkwa.

Linganisha na unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A. Anayeiba akiwa na silaha na kumtishia mwenye mali hapati chini ya miaka 30, hata kama hakuna aliyechubuka. Kwa maoni yangu, sheria imeilinda simu kuliko mkono ulioishika.

Sasa niseme linalowahusu ninyi, watendaji wa kata na vijiji, maana kesi nyingi huharibikia kijijini. Majeruhi apate PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, mapema, na mganga aandike alichokiona. "Jeraha la kichwa" halimsaidii hakimu. "Mkato wa sentimita 6 juu ya sikio la kushoto, kingo zimenyooka, kitu chenye ncha kali" linamsaidia. Mshtakiwa ana haki, chini ya kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kutaka mganga aitwe aulizwe maswali. Fomu iliyojazwa kivivu humwaibisha mganga hapo.

Panga likipatikana, lisioshwe wala lisizungushwe mikononi mwa mgambo, mjumbe na ndugu wa majeruhi. Andika nani aliliokota, wapi, saa ngapi, na alimkabidhi nani. Lisipopatikana, msikate tamaa: ushahidi wa walioona, ukiaminika, waweza kutosha.

Na hili la "tuyamalize nyumbani". Kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine madogo ya watu binafsi. Mtu aliyekatwa mkono hayumo humo, hata kama wazee wa pande zote mbili wamekwisha kukubaliana ng'ombe wangapi watolewe.