Onyo la Uongo na Hatari ya Kweli: Tuvitenganisheje?

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika, Rudewa, Kilosa)



Tunaanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana ofisi ya miradi ilipokea ujumbe ukionya kuwa ipo video ambayo ukiifungua, simu inafutika yote ndani ya sekunde kumi. Bila kuuliza, tukawatumia makatibu wote. Ulikuwa uongo mtupu. Wiki tatu baadaye tulituma onyo la kweli: flashi iliyotoka kuchapishiwa barua steshenari imeleta kirusi kwenye kompyuta ya usharika mmoja. Wengi walisema, "Ni yale yale ya video." Vikundi viwili vya kuweka na kukopa vikapoteza mafaili ya hesabu, na akina mama wakakaa siku nne kuandika upya kutoka kwenye madaftari. Hasara ile ilianzia kwetu.

Uongo wa namna hii ni wa zamani. Mwaka 2002 ulizunguka ujumbe wa barua pepe ukiwaambia watu watafute faili lenye picha ya dubu mdogo, jdbgmgr.exe, walifute, kisha wawaonye marafiki wote. Faili lile lilikuwa sehemu halali ya Windows. Watu walifuta faili halali la kompyuta zao kwa mikono yao wenyewe.

Lakini hatari za kweli zipo. Mei 2000 barua pepe yenye kichwa "ILOVEYOU" ilitoka Ufilipino. Aliyefungua kiambatisho chake aliharibiwa mafaili, na barua ikajituma yenyewe kwa anwani zake zote. Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi; waliosasisha kompyuta zao walikingwa.

Basi tupime kwa maswali matatu:

1. Ujumbe unataka nini? Onyo la uongo hukuhimiza uwatumie wengine upesi. Hatari ya kweli haijitangazi. Hukutaka ufungue, upakue, au utoe namba ya siri.
2. Nani amesema, na lini? "Wataalamu wamethibitisha" si jina. Onyo halali lina tarehe na chanzo. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, au ya kampuni iliyotengeneza programu.
3. Linaelekeza nini? Onyo halali hueleza kinga. La uongo hutisha tu, au huamuru ufute usichokijua.

Tumekubaliana hivi: kila usharika uwe na mtu mmoja wa kuhakiki kabla onyo lolote halijasambazwa. Flashi ikitoka nje ikaguliwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Nakala ya hesabu ihifadhiwe mahali pengine, mbali na kompyuta. Na madaftari yasitupwe!

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kweli, ila akishapita, anayekuja nyuma yake na habari ya kweli haaminiwi. Fedha za vikundi hivi ni jasho la wakulima wa hapa na sadaka ya marafiki wa mbali. Tusizipoteze kwa kidole kilichoharakisha kubonyeza "tuma".